Sista na Mgeni Wake

Langoni kwangu kuna debe la mchanga safi, jerikeni ya maji na kikombe cha plastiki kilichofungwa kwa kamba. Wageni huuliza. Wengine hudhani najenga. Nawaambia hapana, hivi ni vitu alivyoniachia Sista, na sababu yake ndiyo ile imelala pale kivulini, masikio yamefika chini. Hapo mtu wa Isiolo huniangalia mara mbili. Halima, binti wa muadhini, anafuga mbwa? Eeh, anafuga. Kaa basi, kunywa chai, nikwambie mbwa huyu ametoka kwa nani, kisha uniambie kama wewe ungemkataa.

Sista hakuwa sista wa kanisa. Alikuwa nesi, mkunga wa hospitali, na kwetu nesi wa cheo chake huitwa Sista mpaka siku anayozikwa. Alitupokea karibu sote: Waborana, Waturkana, Wameru wenzake, na sisi Wasomali ambao babu zetu walikuja hapa wamebeba bunduki za Mwingereza, wajukuu tukabaki na malori na maduka ya spea. Alinipokea mimi. Akawapokea wanangu wawili. Mtu aliyekuona ukiwa na kitovu kibichi hawezi kukuogopa tena, na Sista hakuogopa mtu. Mheshimiwa mmoja alikuwa akihutubia sokoni, vumbi linatimka, watu wanapiga makofi, Sista akaniinamia sikioni akasema, "Huyu alitanguliza miguu. Mpaka leo hajageuka."

Kiborana chake kilikuwa cha kuzalisha tu: sukuma, pumua, tulia. Ukikutana naye barabarani akakuambia "tulia" kwa ile sauti, unatulia, hata kama ni wewe unayedai haki yako. Lakini mwanamke huyo huyo, aliyevuka mji usiku wa fujo akiwa na taa ya mkono ili mtoto wa mtu azaliwe, akiona kinyonga alikuwa anapiga kelele na kupanda juu ya kiti. Haki ya Mungu. Kinyonga mdogo hivi. Nilimtolea zaidi ya mmoja uani kwake kwa kijiti, na kila mara alinifunga mdomo: "Usiseme kwa watu."

Alipostaafu ikabidi ahame nyumba za hospitali, akanunua nyumba mtaani kwetu, ukuta kwa ukuta na sisi. Akasema hatalala humo usiku hata mmoja bila mbwa. Watu wakaleta ushauri mpaka ukajaa uani. Chukua mkubwa. Chukua yule wa polisi. Mama mzee peke yake, wezi watakumaliza. Sista akawasikiliza wote, akamaliza chai yake, akasema, "Nimekaa miaka yote nikiwakaribisha watu duniani. Leo nianze kuwafukuza langoni?"

Akapanda gari mpaka Nanyuki, kwenye shamba la Mzungu mmoja ambaye mbwa wake alikuwa amezaa. Walikuwa wale mbwa wadogo wa kunusa, rangi tatu, masikio yanayoning'inia kama ya mbuzi wa kisasa. Hadithi ya siku hiyo aliisimulia mara nyingi, na kila mara kwa heshima ile ile, kana kwamba alikwenda kuposa. Kwanza hakuangalia watoto. Aliomba aonyeshwe mama yao. "Mtoto hatazamwi bila mama. Mama akiwa mkali bure, wewe unategemea nini?" Mama alikuwa mpole, akamnusa mikono akarudi kulala. Ndipo Sista akaketi chini kwenye majani na sketi yake ya kanisani.

Mmoja akaja mbio, akang'ang'ania sketi, akawasukuma wenzake. "Huyu atataka kuwa mwenye nyumba." Mwingine akajificha nyuma ya ndoo, anatetemeka. "Huyu namhurumia, lakini siku mtoto wa jirani akimshtua, atauma." Kisha Sista akachukua fungu la funguo zake akalitupa kwenye simenti, kwaa! Wote wakatawanyika. Mmoja akakimbia, akasimama, akageuka, akarudi polepole na pua mbele, akazinusa zile funguo moja moja. Sista akamwinua, akamtazama ufizi, akampapasa tumbo, akanusa ndani ya masikio, kila kitu kama vile ametoka kuzaliwa mikononi mwake. "Kushtuka si kosa," alikuwa akituambia. "Mtu wa kushtuka halafu arudi kuuliza, huyo unaweza kukaa naye."

Akamwita Mgeni. Alijua alichokifanya. Mtaa kama wetu, utamfukuzaje mgeni wa mtu? Baba yangu alicheka kwa hasira. "Mgeni siku mbili, Sista. Siku ya tatu mpe jembe."

Baba ndiye muadhini wa msikiti wetu mdogo wa mabati ya kijani, na spika ya msikiti imeelekea moja kwa moja paa la Sista. Alfajiri ya kwanza ya Mgeni mtaani, baba akaanza. Allahu akbar ya kwanza, kimya. Ya pili, ikapanda sauti kutoka uani kwa Sista, na haikuwa ya kubweka. Ilikuwa ya kuimba, ndefu, imetoka tumboni. Tena ilikuwa inafuata! Baba akivuta, naye anavuta. Baba akipumzika kuchukua pumzi, naye anapumzika. Mimi nilicheka ndani ya shuka, Mungu anisamehe. Lakini baba aliporudi nyumbani hakukuwa na mtu wa kucheka. Kwake adhana ndiyo amana yake yote duniani. Hana elimu kubwa, hana mali, ana sauti.

Alivumilia siku chache, kisha akaenda langoni kwa Sista, nikamfuata. Alisimama nje, barabarani.

"Sista, wewe ni mtu wetu. Lakini hiyo mbwa yako inaimba na mimi."

"Najua, Baba Halima. Naona aibu kubwa."

"Dini haijakataa mbwa wa kuchunga mbuzi, haijakataa mbwa wa kulinda boma. Sasa hii inachunga nini?"

"Inanichunga mimi."

Baba akakohoa. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, si kwa jibu hilo. "Basi inyamaze alfajiri. Wazee wa msikiti wamesema, isiponyamaza itafutiwe nyumba kwingine. Na mimi siwezi kuwapinga, kwa sababu hata mimi nimesema."

"Nipe mpaka Ijumaa," akasema Sista.

Ijumaa ikafika. Baba akaadhini. Kimya. Jumamosi, kimya. Wiki, mwezi, mwaka, ukimya mtupu. Adhana za mchana hazikuwa na shida sana, maana bodaboda na malori humaliza nusu ya kila sauti, na tulimwona Sista akimfichia Mgeni vipande vya omena chini ya mawe, anatafuta kwa pua, hana habari na dunia. Lakini alfajiri, mji umelala na sauti inafika mpaka kwa ngamia, ukimya ule ulikuwa muujiza. Baba akaufanya mawaidha. Kila darsa, vijana wakichelewa kuswali: "Hata mbwa amestahi! Nyinyi je?" Alimpenda Mgeni kwa siri kuanzia hapo. Hakumgusa hata siku moja, lakini alikuwa akipita langoni anasema kwa upole, "Mgeni, hujambo," kisha anaangalia kama kuna aliyemsikia.

Na Sista alikuwa ameanza kutembea. Kabla ya alfajiri unasikia lango lake, kisha tochi inapita ukutani, yeye na fimbo na Mgeni kwenye kamba, wanashuka upande wa mtoni. Tukasema ni sukari. Wazee wote siku hizi daktari anawaambia watembee. Mama yangu alimwonea huruma: "Maskini, na kule fisi hawajalala bado."

Kumlea yule mbwa kulikuwa kazi, nawaambia wanaotaka mbwa mdogo wakidhani mdogo ni rahisi. Mgeni hana breki ya tumbo. Sista alimpimia chakula kwa kikombe kimoja kile kile, asubuhi na jioni, na Mgeni alikuwa akimtazama kwa macho ya yatima aliyedhulumiwa mirathi. Mwenye bucha alidanganyika na macho hayo, akawa anamtupia mafuta. Sista akaenda mpaka buchani, mbele ya wateja: "Utamuua kwa mapenzi yako. Njoo, mshike hapa. Mbavu usizione kwa macho, lakini mkono uzipate. Ukizikosa, umemnyima miaka." Mwenye bucha, mtu mzima na visu vyake, akaosha mikono akashika mbavu za mbwa, na akaacha.

Hakumfungua kamba nje ya ukuta hata mara moja. "Pua ikimchukua, hata jina lake halijui tena. Si ukaidi. Ndivyo Mungu alivyomtengeneza." Na kila Jumapili akitoka kanisani alimlaza mapajani, akamfungua sikio moja, akalipangusa kwa kitambaa laini, akalinusa. Sikio lililofunikwa halipati hewa, alisema, na likianza kunuka kama mkate uliochacha, ujue umechelewa. Alitwambia pia kwamba Mgeni hulala nje kwenye kibanda chake, kwa usafi. Ai! Sweta zake zote zilikuwa na manyoya meupe mgongoni. Tulinyamaza. Kila mtu ana kinyonga wake.

Halafu kukawa na ile Idd ya sufuria. Mama alikuwa amepika pilau ya watu wote wa ukoo, amelifunika sufuria, ameingia kubadilisha nguo. Mgeni akachimba chini ya ukuta. Nilitoka nikamkuta amesimama wima, miguu ya mbele kwenye ukingo, pua yote ndani. Mama akapiga yowe, "Eey! Eey!", ndiyo mbwa kwa Kisomali, na watoto wakaanza kulia, na shangazi zangu wakaanza kusema yale ambayo walikuwa wameyaweka miaka mingi.

Sista alikuja mbio na kitambaa kichwani. Hakumtetea Mgeni. Hakusema "ni mnyama tu". Alimfunga kwanza, akarudi, akakunja sketi, akamwambia mama, "Mnaosha mara saba, na moja ni ya mchanga. Sivyo?" Mama akatikisa kichwa kukubali. Sista akachota mchanga, akaanza. Alisugua lile sufuria kubwa akihesabu kwa sauti, ya kwanza, ya pili, jasho linamtoka, shangazi zangu wamesimama mikono kiunoni wanatafuta kosa, na kosa hawakulipata. Alipomaliza akaleta kuku wake, wote aliokuwa nao. Wala hakuwachinja. Aliwaleta hai, akawakabidhi kaka yangu. "Chinja wewe, ili mle bila wasiwasi." Kesho yake debe la mchanga likawa langoni kwake na jerikeni na kikombe, na halikuondoka. Mwili unanisisimka nikikumbuka. Kuna watu tunaswali nao safu moja na hawajawahi kunijali hivyo.

Miaka ikaenda. Mgeni akaota mvi mdomoni. Sista pia. Kisha akateleza bafuni, akavunja nyonga, akapelekwa hospitali ile ile aliyoifanyia kazi. Nilibaki nampelekea Mgeni chakula kwa kikombe chake, nikimsukumia kwa fimbo, maana mimi wakati huo nilikuwa mwoga wa mbwa kuliko Sista na vinyonga.

Na alfajiri ya kwanza Sista akiwa hospitali, baba akiwa katikati ya adhana, ile sauti ikapanda. Ndefu, ya tumboni, inafuata.

"Anamlilia mwenyewe," baba akasema, na mtaa ukasamehe. Hata wazee wa msikiti walisema muacheni, ana huzuni. Lakini Sista aliporudi, anatembelea kile chuma cha miguu minne, Mgeni hakunyamaza. Aliimba kesho yake, na kesho kutwa. Wazee wakamkumbusha baba neno lake la zamani: inyamaze, au itafutiwe nyumba kwingine. Na baba hakuwa mtu wa kurudi nyuma ya neno lake.

Tukaenda mimi na yeye. Sista alikuwa amekaa mlangoni, mguu juu ya stuli, Mgeni chini yake. Alionekana mdogo. Kabla hatujasema kitu, akasema yeye.

"Nimewapigia watu wa kwetu Meru. Jumamosi kijana wa ndugu yangu anakuja kumchukua."

Alisema hivyo bila kumtazama Mgeni, na mkono wake ulikuwa umeshika lile sikio refu, unalikunja na kulikunjua. Nilijua kwamba akichukuliwa, huyu mwanamke hatamaliza mwaka. Baba naye alijua.

"Lakini Sista," baba akasema, "Mgeni aliacha hii tabia. Miaka yote hii. Nini imemrudisha?"

"Hajawahi kuacha, Baba Halima. Nilikuwa namtoa."

"Unamtoa wapi?"

"Mtoni. Kule bondeni, kingo zinakula sauti na maji yanapiga kelele kwenye mawe. Anaweka pua chini, ananusa walipopita digidigi na mbuzi. Pua ikifanya kazi, masikio yanalala. Ukimaliza kuadhini na watu kuswali, tunarudi."

Baba akachuchumaa mbele yake. "Kila siku?"

"Si unaadhini kila siku?"

"Hata mvua?"

"Hata mvua. Siku niliyoshikwa na malaria sikuweza, nikajifungia naye chooni na mfupa, redio nimefungulia mpaka mwisho." Akacheka kidogo. "Mlidhani ni sukari, najua. Nikaacha mdhani."

Nilifikiria zile alfajiri zote, mimi nimejifunika shuka, na tochi ile inapita ukutani. Zaidi ya miaka kumi! Mwanamke wa dini nyingine, mifupa inauma, fisi hawajalala, anaamka kabla ya muadhini ili adhana ya muadhini isiharibiwe. Na hakumwambia mtu, hata sisi tuliokula kuku wake.

Baba akavua kofia, akaifuta, akaivaa tena. "Nimesema msikitini miaka yote kwamba ni mbwa aliyestahi," akasema. Kisha akainuka. "Mwambie huyo kijana wa Meru asije."

"Na alfajiri?"

"Huyu hapa ana miguu."

"Baba! Mimi?"

"Wewe unaswali nyumbani. Utarudi, utaosha, utaswali. Wakati unatosha."

Basi ndivyo nilivyoanza. Sista alinifundisha akiwa kitini, kwa ile sauti ya chumba cha kuzalia. Shika kamba, usiivute. Muache anuse, hiyo ndiyo kusoma kwake. Tulia. Halima, nimesema tulia, hakuli. Wiki ya kwanza nilikuwa natetemeka na Mgeni ananigeukia kuona kama nakuja. Nilikuwa nikirudi nanawa pale kwenye debe, mchanga na maji, naingia kuswali nikiwa nahema. Na mtaa ukawa kimya tena.

Siku moja narudi, nikamkuta Sista ameburuta kiti mpaka langoni, blanketi mabegani, uso umeelekea msikitini.

"Halima, nani anaadhini alfajiri?"

Nikashangaa. "Si baba. Kuna mwingine?"

"Siku zote ni yeye?"

"Siku zote, Sista."

Akatikisa kichwa polepole. "Za mchana nimemsikia, na bodaboda katikati. Hii ya alfajiri sijawahi kuisikia. Nilipohamia hapa, zile siku za kwanza Mgeni alimfunika. Halafu ndiyo tukawa tunaenda mtoni." Akanitazama. "Kumbe ndiyo hii niliyokuwa nailinda. Sikujua ni nzuri namna hii."

Nilimwambia baba tukinywa chai. Akaweka kikombe chini. Jioni nikasikia anamuuliza mama kama kuna asali, na kama tangawizi imebaki.

Alfajiri iliyofuata alitoka mapema kuliko kawaida, amevaa kanzu ya Idd. Mimi nikamchukua Mgeni tukashuka bondeni. Kule chini nilisimama, nikageuza sikio kuelekea mji, nikazuia pumzi. Maji na mawe tu, na Mgeni anapuliza pua kwenye majani. Nilikaza masikio mpaka yakauma. Sikupata hata neno moja.

Niliporudi Sista alikuwa pale pale langoni. Uso wake ulikuwa umelowa na hakuwa na haraka ya kuufuta. Mgeni akaenda kulaza kichwa kwenye mguu wake mbaya.

"Umemsikia?" akaniuliza.

"Nitamsikiaje, Sista? Nilikuwa mtoni na mbwa wako."

Akanishika mkono, uliokuwa bado na mchanga.

"Pole, mwanangu," akasema.